Kinamasi cha Ainabkoi Hakikulala Bure

Katika lugha yetu liko neno dogo ambalo limeleta hasara kubwa kuliko shoka na moto. Neno lenyewe ni "bure". Mtu akiona ardhi isiyolimwa husema imelala bure. Akiona mti usio na tunda la kuliwa husema umesimama bure. Akiona maji hayakutiwa mferejini husema yanapita bure. Sisi watu wa pwani tumelitumia neno hili miaka mingi, na wenzetu wa bara wamelipokea pamoja na maneno yetu mengine. Leo ukipanda hadi nyanda za juu za Uasin Gishu, ukafika Ainabkoi, utalisikia likitamkwa juu ya vinamasi, yaani ile ardhi ya bondeni yenye ndago na matete, inayotitia mguu uikanyagapo. Mpimaji husimama ukingoni na kamba yake, akatazama, akasema: hii imelala bure. Makala yangu ya leo ni ya kulipinga neno hilo.

Msomaji aliye Lamu au Malindi ana haki ya kuuliza: Ainabkoi iko wapi, nayo inatuhusu nini? Iko kusini-mashariki ya mji wa Eldoret, katika njia ya reli itokayo Nakuru. Reli hiyo ilifika Eldoret mwaka 1924 baada ya kuparamia milima mpaka karibu na Timboroa, mahali palipo juu ya bahari kwa futi 9,136, ambako mtu wa pwani akishuka bila ya koti hujuta. Jina lenyewe ni la Kikalenjin. Aina ni mto, na koi ni mawe. Mto wa mawe, basi. Kazi ya watu wa huko ni ngano, mahindi, viazi na ng'ombe wa maziwa. Na kuhusu swali la pili, msomaji ajiulize viazi karai alivyovila jana jioni vilimea wapi. Havikumea Kisauni.

Mwana wa ndugu yangu anafundisha skuli Eldoret, na ndiye aliyenipeleka kwa mzee mmoja mkulima wa Ainabkoi, mwenye ekari 20, na katika hizo ekari 4 ni kinamasi. Mzee alipoiona kofia yangu aliniita Sheikh, cheo nisichokuwa nacho. Nami nikamwita mzee wangu, kwani amenizidi umri kwa miaka kama kumi na mitano. Tulipokwisha kunywa chai, ambayo kwa hakika ilikuwa ni maziwa yaliyoonyeshwa majani ya chai tu, alinichukua hadi ukingoni mwa kinamasi.

"Sheikh," akaniambia, "watu wanasema hii bwawa haina kazi. Mwezi wa kwanza na mwezi wa pili, huko juu nyasi yote inakauka, inakuwa kama karatasi. Ng'ombe yangu inakula wapi? Hapa. Maziwa ya kulipa karo inatoka wapi? Hapa."

Sarufi ya mzee ni ya bara, lakini hesabu yake haina kosa. Kinamasi ni ghala. Mvua ikinyesha hunywa maji, na kiangazi kikija huyatoa kidogo kidogo, hata majani yakawa mabichi pale ambapo kilimani hapana kitu. Maziwa ya wakati wa kiangazi ndiyo maziwa yenye bei, kwa sababu kila mtu mwingine hana.

Akanionyesha na shamba la jirani. Huyo jirani alichimba mitaro, akayatoa maji, akapanda viazi. Misimu miwili ya kwanza alivuna viazi vya ajabu, watu wakaja kutazama. Kisha ikaja sakitu. Kwa sisi tusioijua, sakitu ni umande ulioganda kwa baridi, na hewa ya baridi tabia yake ni kama maji: hushuka vilimani usiku ikatuama bondeni. Viazi vya kilimani vikasalimika, vya bondeni vikaamka asubuhi vimeungua kama vilivyomwagiwa maji ya moto. Fauka ya hayo, udongo wenyewe wa kinamasi si udongo kama tuujuavyo. Mwingi wake ni majani yaliyooza chini ya maji karne baada ya karne. Ukiyatoa maji, hewa huingia, na ule uozo uliohifadhiwa muda wote huo huliwa na hewa, ardhi ikanywea na kushuka. Rutuba iliyomshangaza jirani katika misimu ile miwili ilikuwa ni akiba ya mababu na mababu, naye alikuwa akiila kwa kijiko kikubwa.

Sasa niwataje wenyeji wengine wa kinamasi hicho. Tuliposimama pale, korongo wawili wenye taji walikuwa wakitembea katika majani kwa hatua za polepole, kama maharusi. Ndege huyu ni wa kijivu, mbawa zake zina weupe na wekundu wa hudhurungi, na kichwani ana nywele za rangi ya dhahabu zilizosimama. Ni yeye aliye katikati ya bendera ya Uganda tangu mwaka 1962. Wakalenjin humwita kong'ony. Mwingereza mmoja, A. C. Hollis, aliyeandika kitabu juu ya Wanandi mwaka 1909, alimtaja korongo huyu kuwa ni alama ya ukoo mmojawapo wa Wanandi, ukoo wa Moi. Kwa hivyo, kabla ya serikali yoyote kumwekea ndege huyu sheria, walikuwako watu waliomhesabu kama ndugu yao.

Tangu mwaka 2012 korongo taji amewekwa katika orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka. Zipo sababu nyingi: wako wanaowaiba makinda na kuwauza wafugwe katika bustani za matajiri, wako wanaotega sumu, na wako ndege wanaokufa kwa kugonga nyaya za umeme. Lakini sababu kubwa ni hii ya mitaro. Ajabu ya korongo huyu ni kwamba chakula hakimpi taabu. Hula panzi, viwavi, mbegu za majani, na masalio ya ngano na mahindi baada ya mavuno. Kwa tumbo lake shamba la mkulima ni neema. Usiku hulala juu ya mti, jambo ambalo korongo wengine wa aina yake duniani hawaliwezi, kwa kuwa yeye ana kidole cha nyuma cha kushikia tawi. Taabu yake ni mahali pa kuzalia. Hujenga kiota chini, ndani ya majani marefu ya kinamasi, juu ya lundo la ndago alizozikata na kuzikanyaga mwenyewe, maji yakiwa yamemzunguka kama handaki la ngome. Hutaga mayai mawili au matatu, huyalalia karibu mwezi mzima, na makinda wakishaanguliwa hukaa wiki nyingi wakikimbia kwa miguu ndani ya majani kabla ya kuweza kuruka. Mwondolee kinamasi, na ndege mzima utaendelea kumwona shambani miaka mingi, kwani huishi sana. Ukadhani mambo ni salama. Kumbe unawatazama wazee wasio na watoto.

Nisije nikampaka ndege mafuta kwa mgongo wa chupa. Korongo anamtia mkulima hasara. Mahindi yakishapandwa, na hasa yakianza kuchipua, huja na wenziwe wakafukua mbegu, mstari kwa mstari, kama waliokodishwa. Mzee wangu aliniambia kwamba msimu mmoja alipanda kipande kile kile mara mbili. Najua msomaji amekwisha kuikumbuka ile hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba Muislamu akipanda mti au mmea, kisha akala humo ndege au mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Hadithi ni sahihi, nami niliisoma chuoni kabla sijaota ndevu. Lakini nimeona kwamba aghalabu tunaoihubiri ni sisi tusiokuwa na shamba. Sadaka hutolewa na mwenye mali kwa hiari yake. Haifai mtu wa Mombasa aitoe sadaka ya mahindi ya mtu wa Ainabkoi.

Na hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Kila mwaka watu hukutana katika mahoteli wakazungumza habari ya kulinganisha ukulima na hifadhi ya viumbe. Mizani hiyo mara nyingi huwekwa upande mmoja dunia nzima, na upande wa pili mkulima mmoja mwenye ekari 20. Dunia hupata ndege, mkulima hupata nasaha. Mizani ya namna hiyo hailingani, wala haitalingana.

Tena mkulima huyu hakuianza yeye hadithi ya nchi hiyo. Nyanda za Uasin Gishu zilikuwa malisho ya Wamaasai na Wanandi. Mwaka 1903 Serikali ya Uingereza ilitaka kuwapa nchi hiyo Mayahudi wa chama cha Uzayuni. Wajumbe wao walikuja kuitembelea mwanzoni mwa 1905, na mwaka huo huo mkutano wao mkuu ukaikataa. (Wangeikubali, sijui leo ningekuwa naandika makala gani.) Mwaka 1908 wakaja Makaburu kutoka Afrika ya Kusini, na magari yao ya kukokotwa na maksai, wakalima ngano. Walipokuja, nchi ilikuwa imejaa wanyama wa kila namna. Baada ya Uhuru mashamba yale makubwa yakanunuliwa na kugawanywa, na baba akawagawia wana, na wana wakawagawia wana wao. Sisi tulioona mnazi mmoja ukigombewa na warithi saba hatuna haja ya kuelezwa zaidi.

Wako wasemao kwamba dawa yake ni kuwahamisha wanyama. Dawa hiyo ilikwisha kujaribiwa huko huko. Upande wa pili wa Eldoret, pande za Soy, katika miaka ya 1970 palikuwa na twiga wa aina ya pekee, mwenye miguu myeupe kama aliyevaa soksi, ambao walikuwa wakiishi katika shamba kubwa lililokuwa karibu kukatwa vipande na kugawiwa wananchi. Jock na Betty Leslie-Melville walimchukua mtoto wa twiga mmoja wakampeleka kwao Lang'ata, Nairobi. Jina lake Daisy, na nyumba yao hiyo imejulikana dunia nzima. Wengine walipelekwa mbuga ya Nakuru na kwengineko. Wananchi walipata mashamba, twiga walipata mbuga, na sioni wa kulaumiwa. Lakini twiga alipandishwa lori. Kinamasi hakipandi lori. Huwezi kukikunja kama mkeka ukakitandika Nakuru.

Wengine husema: basi wekeni ua, mfanye mbuga. Hilo nalo limefanywa, Trans Nzoia, ambako kinamasi cha Saiwa kilitangazwa kuwa mbuga ya taifa mwaka 1974 ili kumhifadhi nzohe, yule paa wa majini mwenye kwato ndefu zinazotanuka asizame topeni. Ni mbuga ndogo kabisa Kenya, kilomita za mraba tatu hivi. Nzohe amebaki, Alhamdulillahi. Hata hivyo mbuga imezungukwa na mashamba, na ua hauzuii tope wala dawa za magugu kuingia na maji. Na huko Nandi, katika kinamasi cha Kingwal, nzohe wengine wanaishi ndani ya ardhi ya watu, baina ya mikaratusi na matanuri ya matofali. Serikali haina fedha ya kununua kila bonde la ekari nne, na ingekuwa nayo pia nisingeshauri. Kwani siku utakayomfukuza ng'ombe wa mzee wangu kutoka kinamasini ndiyo siku mzee atakapokichukia kinamasi.

Tuitazame sheria. Kenya ilijiunga mwaka 1990 na mkataba wa Ramsar wa kuhifadhi vinamasi. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inakataza mtu kukausha kinamasi bila ya idhini, na mwaka 2009 zikatungwa kanuni maalumu za vinamasi. Mwaka huo huo wa 2009 Waziri wa Mazingira wa wakati huo, marehemu John Michuki, aliamuru mikaratusi ing'olewe kando ya vyanzo vya maji, kwa kuwa mti huo hunywa maji pasi na kiasi. Sheria, basi, si haba. Upungufu wake ni kwamba inajua sana kusema usifanye, na inasitasita kusema nani atalipa. Mkulima akiisikia huona amekatazwa kulima ekari 4 katika 20 alizonunua babake kwa fedha, bila ya kupewa hata asante.

Mimi si mwanasheria wala bwana shamba. Elimu yangu ya kwanza ni ya chuoni, juu ya mkeka, mbele ya maalimu mwenye bakora. Na katika elimu hiyo nimekuta mambo mawili yanayofaa hapa, yote mawili yanatoka kwa Sayyidna Umar bin Khattab, Mungu amwie radhi.

La kwanza ni hima. Waarabu wa zamani, mkubwa wao akipenda malisho fulani, huyafunga yakawa yake peke yake. Uislamu ukaigeuza desturi hiyo. Hima ikawa haiwekwi ila kwa maslaha ya watu wote. Umar aliweka hima Rabadha, akamweka mlinzi jina lake Hunayy. Bukhari ameyapokea maagizo aliyompa. Alimwambia awe mpole kwa watu na aiogope dua ya aliyedhulumiwa. Amwachie mwenye ngamia wachache na mbuzi wachache aingie. Na ajihadhari na mifugo ya Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan. Hao wawili walikuwa masahaba watukufu, lakini walikuwa matajiri, na Umar akatoa sababu: mifugo yao ikifa wanayo mitende na mashamba ya kurejea, ama mnyonge mifugo yake ikifa atakuja na watoto wake kulilia mlangoni kwa Khalifa. Tazama hekima iliyomo. Hifadhi ipo, mlinzi yupo, na mlango uko wazi kwa mdogo kabla ya mkubwa.

Ukiichukua hima hiyo ukaipeleka Ainabkoi, utaona nani wa kuingia na nani wa kuzuiwa. Ng'ombe watano wa mzee waingie, ila katika miezi ya kiota wazuiwe kwenye sehemu ya katikati yenye majani marefu, wanyweshwe maji kwa hodhi ukingoni. Mama akate majani kwa mundu, makinda wakisharuka. Wa kuzuiwa ni tajiri atokaye mjini akakodi kinamasi kwa msimu mmoja, akaleta trekta, akachimba mitaro, akavuna viazi, akaondoka zake; naye ikiwa mavuno yameharibika, anayo nyumba ya kupangisha ya kurejea. Mikaratusi ipande kilimani, isishuke bondeni. Hayo yote hayamwondoi mkulima shambani mwake. Yanaliondoa jembe la trekta katika sehemu moja kwa tano, ambayo hata hivyo sakitu ilikwisha kuikataza.

La pili ni wakfu. Umar alipata ardhi Khaibar, mali ambayo hakuwahi kupata iliyo bora kuliko hiyo, akamwendea Mtume kutaka shauri. Akashauriwa aizuie asili yake na ayatoe matunda yake. Ikawa haiuzwi, haipewi mtu, wala hairithiwi, na mazao yake ni ya mafakiri na jamaa na wasafiri. Sisi wa pwani wakfu tunaujua, na tunajua pia namna unavyoliwa na wasimamizi wasiomwogopa Mungu, lakini hiyo ni aibu yetu, si aibu ya wakfu. Ukiiangalia sheria ya Kenya utakuta kitu kinachofanana nao. Ile sheria ya mazingira ya 1999, na baadaye sheria ya wanyama pori ya mwaka 2013, zinaruhusu ardhi ya mtu kuwekewa sharti la hifadhi ambalo hushikamana na ardhi yenyewe. Mwenyewe akiuza au akifa, sharti linabaki. Na ile ya 1999 imesema kwamba mwenye ardhi aliyewekewa sharti hilo anaweza kudai fidia. Kwa hivyo mlango wa malipo umo ndani ya sheria tangu mwaka huo. Kwa bahati mbaya kila mkulima niliyemtajia jambo hilo Ainabkoi aliniomba nirudie tena maneno, kwani hakuwahi kuyasikia.

Nani atoe fidia? Kwa rai yangu wa kwanza ni wanaofaidika na maji. Maji mengi ya Uasin Gishu huteremka mpaka Ziwa Viktoria, na mto Nzoia ukifurika huwatesa watu wa Budalang'i. Kila kinamasi kinachokaushwa juu huyaachia maji yateremke kwa pamoja chini. Kaunti nazo zinatoza ada za ardhi. Haiwi vigumu kumsamehe mtu ada ya ekari asizozilima kwa faida ya wote. Na wanunuzi wa maziwa, ambao kiangazi huyatafuta kwa tochi, wangeweza kumwongeza senti chache mkulima aliyehifadhi kinamasi, kwa kuwa bila ya kinamasi hicho magari yao yangerudi matupu.

Asiseme mtu kwamba haya ni ndoto za mshairi. Huku kwetu, pambizoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, wakulima wengi walikuwa wakitaka msitu ukatwe wagawiwe mashamba. Mwaka 1993 ukaanzishwa mradi wa Kipepeo pale Gede. Wakulima wakafundishwa kufuga vipepeo vya msituni na kuuza pupa zake Ulaya na Marekani. Pesa ilipoingia mfukoni, wengi wa waliotaka msitu ukatwe waligeuza shauri lao. Kule Pemba, kisiwa cha Misali kilitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1998, na masheikh na maimamu wakaingia kuwazungumzia wavuvi kwa lugha ya dini, nao wakaendelea kuvua, ila kwa mipaka. Na huko huko karibu na Saiwa, kijiji cha Kipsaina, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakulima wenyewe wameunda chama cha kuwalinda korongo na vinamasi. Wanapanda miti ya asili, wanafuga nyuki na samaki kando ya maji. Hawa hawakungoja mkutano wa hotelini.

Lakini nimwache Ainabkoi mzee wangu kama nilivyomkuta, na shida yake, ambayo haimo katika sheria wala katika mradi. Ana wana wanne, na anataka kuwagawia angali hai wasije wakagombana. (Nilimuuliza kuhusu mabinti, akatabasamu akageuza maneno, hiyo nitaiandikia siku nyingine.) Ekari 20 kwa wanne ni ekari tano tano, na kwa namna kamba inavyopita, watatu wanapata ekari tano za kilimani kila mmoja, na kitinda mimba anapata moja ya kilimani pamoja na kinamasi chote. Basi wale wakubwa watatu wote ni wapenzi wa korongo. Walinieleza kwa ufasaha uzuri wa kinamasi na haja ya kukihifadhi. Kijana wa mwisho, mwenye mke na mtoto mchanga, peke yake ndiye anayetaka kuchimba mitaro.

Jioni ile mzee aliwaita, nami nikiwapo kama mgeni, akawatajia hesabu nyingine: kinamasi kisigawanywe, kiwe cha ng'ombe wa wote wanne na kisiuzwe na yeyote, na zile 16 za kilimani zigawanywe nne nne, yaani kila mkubwa amtolee mdogo wake ekari moja. Palikuwa kimya kirefu. Mkubwa kabisa akakubali. Wa pili akasema mpimaji amekwisha kulipwa kwa ramani ya kwanza. Wa tatu akatoka kwenda kukama. Nimepigiwa simu wiki iliyopita kwamba yule wa pili sasa naye amekubali, kwa masharti ya njia ya kupitishia ng'ombe, na kwamba mpimaji atarudi ngano ikishavunwa.